Mtuhumiwa ni Zimwi

Kituoni walimwita Bi Pole. Jina hilo alilijua na halikumkera, maana alilitafuta mwenyewe: hakuuliza swali bila kutanguliza pole. Pole na safari, pole na kusubiri, pole na majukumu. Hata mwizi aliyeletwa na kuku kwapani aliambiwa pole kwanza, ndipo akaulizwa kuku ni wa nani. Wazoefu wa mahabusu walikuwa wakionyana: yule mama akikupa pole, jua umekwisha.

Alikuwa binti wa kinyozi. Utoto wake ulipita akifagia nywele katika kibanda cha baba yake, na huko ndiko alikojifunza kwamba mtu akishikwa kichwa vizuri husema yote bila kulazimishwa. Alipoingia polisi hakuwa na mbio wala mabavu, na gwaride lilimtesa. Lakini sikio alikuwa nalo. Baada ya miaka ya kusimama milangoni mwa benki na kupunga mikono kwenye makutano ya barabara, wakampa dawati la watoto. Ofisi yenyewe ilikuwa stoo ya zamani ya baiskeli zilizookotwa: dirisha moja, meza yenye mguu mfupi, na viti viwili vidogo alivyoviomba shule ya chekechea. Walipaka rangi mara mbili, harufu ya grisi ikakataa kutoka ukutani.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, binti mmoja wa miaka minane, na mama mkwe. Bila mama mkwe huyo kazi isingewezekana. Yeye ndiye aliyempokea mtoto akitoka shule, aliyejua daftari lipi limejaa na jino lipi linatikisika. Bi Pole alipenda kusema kwamba ameolewa na watu wawili, na aliye bora si yule aliyeandikwa kwenye cheti.

Asubuhi moja aliingia kituoni mwanamke anayetembea ameinama, mkono tumboni, kama aliyeficha yai ndani ya nguo. Alikuwa ametoka hospitali jana yake. Upasuaji wake uliharibika, ukarudiwa, akalala huko wiki nyingi. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na simu yake ilipatikana Mungu akipenda. Nyumba na mabinti wawili walibaki mikononi mwa mama wa mume. Mgonjwa aliporudi alimkuta binti mdogo, wa miaka mitano. Yule mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, hakuwepo.

"Mama mkwe anasema alimtuma sabuni, hakurudi," alisema. "Anasema ameota mbawa, kafuata marafiki. Mwanangu hana mbawa, afande. Anaogopa hata kuvuka barabara."

"Pole, mdogo wangu. Alipotea lini?"

"Nikiwa bado kitandani. Hakuna aliyeniambia. Wanasema hawakutaka kunishtua."

Yule mdogo alikuwa ameshika pindo la nguo ya mama yake. Alitoa kidole mdomoni akasema, kwa sauti ya anayemkumbusha mtu mzima jambo dogo alilosahau, "Zimwi limemchukua dada."

Koplo wa kaunta, mtu ambaye ucheshi wake haukuwa na breki, alishika kalamu. "Haya. Mtuhumiwa ni Zimwi. Kazi yake, kula watu. Makazi, pangoni. Simu hana."

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Bi Pole hakucheka. Alimshika mtoto mkono, akamwambia mama awafuate, wakaingia kwenye chumba cha grisi.

Hakuamini mazimwi. Ila alikuwa amekaa na watoto vya kutosha kujua kwamba mtoto wa miaka mitano hatungi kitu kutoka hewani; hushona kwa vipande alivyonavyo. Kwa hiyo aliamua kulipeleleza zimwi kama ambavyo angempeleleza mtuhumiwa yeyote: sura, vifaa, saa ya tukio.

"Pole na kutembea," alimwambia mtoto. "Hilo zimwi likoje?"

"Lina meno marefu."

"Marefu kiasi gani?"

"Mpaka huku." Akagusa kidevu. "Lina gunia kubwa. Linatia watoto kwenye gunia, linafunga na kamba."

"Lilikuja usiku?"

"Mchana. Dada alikuwa anaosha vyombo."

"Likafanya nini?"

"Alivua viatu. Akanywa chai." Mtoto akafikiri kidogo. "Halafu likamtia dada kwenye gunia, likaenda naye msituni."

Kati ya hayo yote, Bi Pole alishika neno moja: gunia. Mwaka uliotangulia, mtoto wa mtaa wa pili alikuwa amechukuliwa na mtu ambaye hakujulikana mpaka leo, na jeraha hilo lilikuwa bichi kituoni. Viatu na chai aliviona ni vya mchezo. Watoto huwanywesha chai hata wanasesere wao. Hapo ndipo alipokosea. Si kwamba hakusikia. Alisikia, akachagua.

Alikwenda nyumbani kwao siku ileile. Vyumba viwili safi, ndoo zimepangwa ukutani, na bibi wa watoto amekaa juu ya kigoda akichambua maharage. Magoti yake yalikuwa yamevimba. Alijibu kila swali bila kuinua macho: alimtuma sabuni, hakurudi, watoto wa siku hizi ndivyo walivyo. Bi Pole alimtazama akamwona mama mkwe wake mwenyewe, magoti yaleyale, ungo uleule mapajani. Akampa pole na kuondoka.

Kituoni alimwambia koplo, "Waambie wa doria waulizie mtu mwenye gunia aliyeonekana mtaa ule mchana."

Koplo aliwaambia wa doria. Alimwambia pia mama anayeuza maandazi getini. Neno likitoka kinywani mwa askari halitembei kwa miguu, hupanda pikipiki. Kesho yake zimwi lilikuwa limeshapata sura, na sura hiyo ilikuwa ya Makopo.

Makopo alikuwa mtu wa makamo anayeokota vyuma chakavu. Alitembea na gunia begani tangu watu walipoanza kumwona, akijiimbia, meno yake ya mbele yakitangulia midomo. Waliomuuzia masufuria mabovu miaka yote, sasa walikumbuka kwamba siku zote walikuwa na mashaka naye. Benchi la kituo likajaa mashahidi. Mmoja aliona gunia likicheza. Mwingine alisikia kilio ndani yake, akadhani ni paka. Bi Pole aliandika maelezo yao mpaka mkono ukafa ganzi, na kadiri alivyoandika ndivyo alivyozidi kukosa raha, maana hakuna aliyeweza kusema ilikuwa siku gani. Mwishowe aliomba Makopo aletwe, ahojiwe, na pia akae mahali salama. Askari walipofika mtaani watu walikuwa wameshatangulia.

Alimkuta hospitali, wodi ya wanaume, bendeji imefunika jicho na nusu ya uso. Gunia lake lilikuwa limemwagwa barabarani na halikuwa na mtoto: makopo, nyaya, pasi iliyoungua. Alikuwa amelala na hawezi kusema. Muuguzi akamkabidhi Bi Pole mfuko wa plastiki.

"Hana ndugu aliyekuja," alisema. "Chukua viatu vyake, hapa vitapotea."

Bi Pole akasimama kwenye ukumbi wa wodi, mfuko mkononi, watu wakimpita na machela. Viatu vilikuwa vimefungwa kwa waya badala ya kamba. Akavitazama muda mrefu, akasikia tena sauti ya mtoto. *Alivua viatu.*

Si *lilivua*. Akarudia maneno yote aliyoyakumbuka, midomo ikicheza kama anayesali. Lina meno. Lina gunia. Likamtia dada. Hayo ni maneno ya hadithi, na mtoto aliyatoa jinsi alivyoyapokea. Lakini *alivua*, *akanywa*. Penye hadithi mtoto alisema *li*. Penye kumbukumbu alisema *a*, kama anavyosemwa mtu. Na ni nani anayevua viatu mlangoni akapewa chai? Mgeni. Tena mgeni aliyekaribishwa.

Alimwita mama na mtoto siku ya pili. Safari hii hakuuliza habari za meno.

"Pole, siku ile nilisahau jambo," alimwambia mtoto. "Yule aliyevua viatu, aliviweka wapi?"

"Pale mlangoni. Vyekundu. Vina visigino. Nilivijaribu nikaanguka."

Mama yake akashika ukingo wa meza.

"Alikaa wapi?"

"Kwenye kiti cha baba. Bibi akampa chai. Dada akavaa gauni lake la kutokea. Akanifunga vifungo hivi, halafu wakaondoka."

"Na gunia?"

Mtoto akamtazama mama yake, kisha mlango. "Bibi ndiye aliyesema gunia. Nililia sana. Akasema yule si mtu, ni zimwi. Nikisema ni mtu, litarudi linichukue na mimi."

"Sasa umesema," Bi Pole alimwambia taratibu. "Na halijaja."

"Bado," alisema mtoto.

Walimkuta bibi akianua nguo. Alipowaona wameongozana, na mkwewe ana uso ule, aliendelea kukunja shuka moja mpaka ikawa ndogo kama kitabu.

"Pole na kazi, mama," alisema Bi Pole. "Mgeni mwenye viatu vyekundu alikuwa nani?"

Bibi aliketi. Alianza kukana, akaishia njiani, kama aliyechoka kupanda ngazi. Mgeni alikuwa mwanamke anayewatafutia wasichana kazi za ndani. Alisifiwa na watu. Aliahidi kwamba mtoto atafanya kazi nyepesi na jioni atasoma.

"Mwanangu yuko barabarani," alisema bibi. "Huyu alikuwa anakufa. Daktari alituambia tujiandae. Na mimi haya magoti unayaona. Ningewalea wawili kwa miguu ya nani?"

"Aliporudi kwa nini hukusema?"

"Alirudi," alisema bibi, karibu kwa kulalamika. "Nani alijua atarudi?"

Mkwewe alikuwa amesimama mlangoni, mkono bado tumboni. "Ulikuwa unaniletea uji hospitali," alisema. "Kila nikikuuliza watoto, unasema hawajambo, wanakusalimia."

Bibi alimgeukia Bi Pole. "Mimi nilipelekwa nikiwa mdogo kuliko yule. Nikalea watoto wa watu nikiwa mtoto. Hakuna aliyekwenda polisi kusema nimepotea."

Bi Pole alikuwa amewahi kusikia maungamo mengi, na mengi humwacha mtu mwepesi, aliyesema na aliyesikia. Haya hayakumwacha hivyo. Alimwambia bibi achukue kitu cha kujitanda, akampeleka kituoni kwa mwendo wa magoti yake.

Simu ya yule mwanamke haikupatikana tena, lakini bibi alisema kwamba mara nyingi huwasafirisha wasichana kwa basi la asubuhi. Bi Pole na mwenzake mmoja walivaa kiraia, wakawa wanakaa stendi karibu na dirisha la tiketi kama watu wanaosubiri mzigo. Alipotokea, hakufanana na hadithi yoyote. Alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kusomea, akimwita kila mtu mwanangu, na siku hiyo alivaa ndala. Nyuma yake walisimama wasichana wawili, kila mmoja na mfuko wa nguo. Walipomkamata, wasichana hao walilia kwa kuogopa kwamba sasa hawatapata kazi.

Kwa maelezo ya dalali huyo, mtoto alipatikana mji mwingine, nyumba yenye geti la kijani. Aliyefungua geti ndiye waliyekuwa wakimtafuta. Alikuwa amebeba mtoto wa watu mgongoni, mwenye mwili karibu sawa na wake, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kidonda cha mafuta ya moto ambacho hakijakauka vizuri. Mwenye nyumba alishangaa. Alisema walimpenda, walimchukulia kama mtoto wao. Bi Pole akamuuliza shule anasoma ipi. Mwenye nyumba akanyoosha mikono kumpokea mtoto wake mgongoni mwa msichana.

Kwenye gari yule msichana hakulia. Alikaa ameminya mikono katikati ya magoti, akitazama miti inavyorudi nyuma. Alisema mara moja tu, walipokaribia mjini.

"Mama alikufa lini?"

"Nani alikuambia amekufa?"

"Yule mama wa viatu vyekundu. Alisema ndiyo maana siwezi kurudi."

Bi Pole alimwambia dereva asimamishe gari. Alimweleza mtoto yote, pale kando ya barabara, polepole, akarudia tena. Mtoto aliitikia kwa kichwa, ila ilionekana wazi kwamba haamini, na hakuamini mpaka alipomwona mama yake amesimama uani kwa miguu yake miwili.

Yule mdogo alijificha nyuma ya pipa la maji. Walimwita, hakutoka. Alipotoka alimzunguka dada yake kwa mbali, akamsogelea, akamgusa gauni, akamnusa mkono.

"Ulikuwa tumboni?" aliuliza.

"Nilikuwa kazini," alijibu dada yake.

Mkuu wa kituo alifurahi. Alimpongeza Bi Pole mbele ya wenzake asubuhi ya gwaride, na koplo akapiga makofi kuliko wote. Baadaye Bi Pole aliingia ofisini kwa mkuu na kumwomba faili lingine lifunguliwe, la waliompiga Makopo.

"Una mashahidi?" aliuliza mkuu.

Alikuwa na majina ya mashahidi wengi wa zimwi. Aliwapitia mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Yule aliyeona gunia likicheza, siku ya kipigo alikuwa msibani. Yule aliyesikia kilio ana tatizo la masikio. Mama wa maandazi alikuwa ameinama anageuza maandazi. Mtaa mzima, mchana kweupe, hakuna aliyeona hata mkono mmoja ukiinuliwa. Faili lilibaki na ukurasa wake wa kwanza.

Makopo alitoka hospitali na jicho moja. Bi Pole alimfuata kwenye chumba chake nyuma ya gereji, akamweleza ukweli wote, kwamba habari za gunia zilitoka kwake.

"Ulisema jina langu?"

"Hapana. Nilisema mtu mwenye gunia."

"Ndiye mimi," alisema Makopo.

"Najua. Pole sana, kaka."

"Hilo neno nimeletewa na wengi wiki hii," alisema bila hasira. "Sina pa kuliweka." Kisha akamuuliza kama mtoto yule alipatikana mzima. Alipoambiwa ndiyo, akasema vizuri, akageuza uso ukutani.

Bi Pole alidhani kazi itabaki kazini, kama ilivyokuwa kawaida yake. Haikubaki. Alianza kurudi nyumbani ghafla saa za mchana. Alimuuliza binti yake nani alikuja leo, alikaa wapi, bibi alisema nini. Mtoto alijibu, kisha akaenda kumsimulia bibi yake maswali yenyewe. Mama mkwe alivumilia mpaka jioni moja Bi Pole alipomuuliza mwenyewe, huku akimsaidia kupanga sahani, yule mwanamke aliyeonekana akitoka getini alikuwa nani.

"Ni fundi cherehani," alisema mama mkwe. "Nimempa sketi ya shule ya mtoto ashone zipu." Akafuta mikono. "Mwanangu, siku hizi unaniuliza kwa sauti ya ofisini."

"Nisamehe, mama. Ni hii kesi."

"Nimeisikia kesi yako, mji mzima umeisikia. Yule mwenzangu alifanya vibaya. Mimi nimefanya nini?"

Mume alijaribu kuingilia kwa utani, utani ukaanguka chini. Wiki haikuisha, mama mkwe alikwenda kukaa kwa mwanawe mwingine, akisema hakuna ugomvi, anabadilisha hewa tu. Binti wa Bi Pole akawa anakaa kwa jirani baada ya shule.

Kesi ilipofika mahakamani ilionekana mtoto mdogo atahitajika kusema mbele ya hakimu ni nani aliyeletewa chai. Mama yake alikonda kwa wazo hilo. Alikuja kwenye chumba cha grisi kuomba shauri lifutwe. Akaambiwa halifutiki, serikali ndiyo inayoshtaki. Akauliza kama chakula kinaruhusiwa kupelekwa rumande. Bi Pole akamwambia kinaruhusiwa. Mama yule hakusema ni cha nani.

Mwishoni bibi ndiye aliyewatua mzigo. Siku ya kusikilizwa, kabla mtoto hajaitwa, alisimama kwa kushikilia mbao za kizimba na kusema ni kweli, yote ni kweli, mtoto asiulizwe. Dalali alifungwa miaka kadhaa. Bibi, kwa umri wake, alipewa kifungo cha nje, akaenda kuishi kwa binti yake. Dereva wa lori aliporudi safarini hakumlaumu mama yake wala mkewe kwa sauti. Aliacha kula nyumbani, na hilo lilikuwa kubwa kuliko kelele. Msichana amerudi darasani, nyuma ya wenzake kwa muhula mmoja. Akitumwa dukani huenda na mdogo wake, na ni mdogo anayemshika mkono.

Jumapili moja Bi Pole alikwenda kumtazama mama mkwe. Walizungumza habari za hali ya hewa, za zipu ya sketi, za mtoto wa shemeji anayeota meno. Alipoona hakuna pa kuzunguka tena, akasema, "Mama, turudi nyumbani. Mtoto anakuulizia."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Mama mkwe alimbembeleza mjukuu aliyekuwa mapajani mwake kabla ya kujibu. "Nakupenda, mwanangu. Lakini siwezi kulea mtoto nikiwa natazamwa mikono. Ukiacha kunitazama, nitajua, nitakuja mwenyewe."

Bi Pole alitaka kusema ameshaacha. Ila yeye, zaidi ya mtu yeyote, alijua sauti ya mtu anayedanganya inavyokuwa, akaogopa kuisikia ikitoka kwake. Alimwachia mafuta ya magoti aliyomnunulia, akamuaga kwa adabu, akapitia kwa jirani kumchukua mtoto.